Nyuma ya Kitabu cha Mizani

Upande wa mbele ni dagaa:
magunia, kilo, jina la mwenye mzigo,
mhuri wa ushuru uliokauka vibaya.
Kigeuze kitabu kichwa chini,
anzia nyuma,
utakuta ndege.

Tarehe nne Novemba. Mvua ya vuli
imegonga mabati ya Mwaloni, ikaghairi.
Mbayuwayu kwenye waya wa stendi, Nyegezi:
nilifika mia na kumi, lori likapiga honi,
nikaanza upya.
Mkiani wana nyuzi mbili, kooni wekundu,
kama waliomeza chai kabla haijapoa.

Tarehe kumi na mbili. Kisesa, kwenye majaruba:
korongo weupe thelathini na mmoja
wakitembea nyuma ya ng'ombe wa Lugembe
kama mabwana shamba waliocheleweshewa mshahara.
Lugembe anasema hao ndio walioleta mvua.
Mimi nasema mvua ndiyo iliyowaleta.
Tuliachana bila mshindi. Nilipewa maziwa ya mgando.

(Yangeyange siwaandiki, wala kongoti wa jalalani,
wala furukombe anayelia alfajiri kule Saanane.
Hao wenyeji. Mwenyeji haandikwi,
anaulizwa tu habari za nyumbani.)

Desemba.
Wanasema huko walikotoka, sasa hivi, maji ni mawe.
Nimeona barafu ya kiwanda cha minofu
ikimwagwa kwa koleo juu ya sangara;
nikajaribu kulifikiria ziwa zima hivyo,
kuanzia hapa Kirumba mpaka Ukerewe,
na ndege amesimama juu yake
anagonga kwa mdomo, hodi, hodi,
na chini hakuna anayeitikia.
Hapo hata mimi ningefunga safari.

Tarehe ishirini na tisa. Igombe,
kati ya magugumaji na mitumbwi iliyopinduliwa:
mmoja. Peke yake. Rangi ya tope, miguu mirefu,
mdomo umepinda chini kama kitu cha kuchokolea kisima.
Miaka saba ya kuandika, sijamwona huku.
Watu wa pwani humwita sululu.
Basi, sululu amekuja na sululu yake.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu hakuingoja ya tatu.
Saa nne haijagonga
alishalilima tope lote la Igombe.

Januari, sikuandika tarehe.
Nkwimba alikuja na kitu ndani ya upindo wa khanga.
Kilinasa kwenye chandarua cha kuanikia dagaa.
"Karani," akasema, "na huyu analipa ushuru?"
Kitwitwi. Moyo unampiga mwili mzima.
Mguuni ana pete, nyepesi kama ganda la kitunguu,
na herufi za watu wasionijua.
Nikamlaza kwenye mizani ya kilo mia.
Mshale haukutikisika.
Nikaugonga kwa kidole.
Sifuri.

Nkwimba akacheka, halafu akaacha.
"Mtoe," akasema. "Mgeni hapimwi."
Tulimfungulia upande wa maji, pasipo na paka.
Hakuaga.

Nilirudi mezani nikakuta nimeandika,
sijui kwa nini, upande wa mbele:
Mwenye mzigo: Kitwitwi.
Kilo: hakuna.
Ushuru: alishalipa njiani.

Machi ishirini na saba. Nyegezi.
Waya.
Muuza miwa akaniuliza natazama nini huko juu.
Nikanunua muwa.

Mkaguzi alikuja Aprili, na kalamu nyekundu.
Alipita magunia yote, ukurasa kwa ukurasa,
akasimamisha kidole.
"Huyu Kitwitwi ni mtu wa wapi?"
Nikamwambia, mzee, hata mimi sina hakika.
Ana nyumba mbili.
Akaandika pembeni: *afuatiliwe.*